Kengele na Neno la Mlangoni

Tarehe 4 Februari

Dada yangu,

Hujambo huko kwenye daraja lako? Mimi mzima, karakana nzima, paa linavuja pale pale ulipoliacha, na Mama Nyanya hapo nje kwenye meza yake ya mboga anakusalimu kwa sauti ambayo nadhani umeisikia mwenyewe bila barua. Hii naipeleka kwa dereva wa lori la saruji, yule mwenye kofia ya sufu. Ameniapia kwamba anapita hapa kila baada ya wiki mbili na hajawahi kupoteza barua. Nimemtazama usoni nikaamua kumwamini, nitafanyaje na mnara wa simu huko kwenu haujafika?

Najua umeziruka salamu zote ukaja hapa kumtafuta mwanao. Haya, Kengele hajambo. Anakula, analala, anapiga kelele. Jina nililompa limemkaa barabara. Mchana tuko wote karakanani, yeye ndani ya tairi la trekta nililomtandikia blanketi, mimi na baiskeli za watu. Majina ya vitu si tatizo kwake. Unanyosha kidole, unasema "tairi", kesho analo. Kinachonichekesha ni maneno ya kutenda. Wewe hebu nyoshea kidole "kukaza" tukuone! Ukishanyosha, nati imeshakazwa, kilichobaki ni nati. Kwa hiyo mwenzio anajitafutia. Ananisikia nikisema, "Ngoja nikaze hii isije ikachomoka njiani," anaangalia nafanya nini, basi, amemaliza.

Sasa kila kinachofungwa kinakazwa. Jana niliambiwa nikaze vifungo, nikaze mlango, nikaze macho nilale. Na kila kinachofunguka kinalegezwa. Asubuhi nimemlegezea chungwa, nikamlegezea na viatu. Mama Nyanya alipovua kilemba ajipepee, mtoto akapiga makofi: "Bibi kalegeza kichwa!" Mama Nyanya hajacheka mpaka leo.

Pale stendi uliniambia nikuandikie kama analia. Wino unaniishia.

Mdogo wako,
FUNDI BAISKELI BORA MTAANI
(tuko wawili, na mwenzangu anaumwa)


Tarehe 26 Februari

Mdogo wangu,

Barua imefika, na saruji ya kutosha kuziba hilo paa. Mimi sijambo. Mikono imeota sugu, macho yanawasha, lakini reli za upande wa kushoto zote nimechomelea mimi. Wiki ya kwanza wanaume walikuwa wanakuja kuniangalia kama sinema. Sasa wananiletea vitanda vyao vilivyovunjika niviunge. Nalala chumba kimoja na mpishi, mama mmoja mcheshi anayekoroma kwa zamu mbili, mchana na usiku.

Wino haukukuishia. Umeandika jina lako kwa herufi kubwa na ukalipigia mstari mara mbili.

Tafadhali mfundishe mwanangu kusema. Mlango unafungwa. Chungwa linamenywa. Macho yanafumbwa. Asije akaenda shule akamwambia mwalimu amlegezee daftari.

La muhimu kuliko yote ni hili. Kila jioni ukishamwogesha, mwambie, "Mama anarudi." Maneno hayo hayo, kila siku, asinisahau. Siku naondoka nilichuchumaa pale mlangoni nikamwambia, "Mama anarudi, mwanangu, narudi sasa hivi," naye akanipungia mkono vizuri kabisa, hakulia. Alinielewa. Hicho ndicho kinachonilaza huku. Kazi inaisha mwisho wa Juni, si mbali.

Ukimwambia, anajibuje? Niandikie neno kwa neno.

Dada yako


Tarehe 15 Machi

Dada,

Salamu tumezipata. Nina kikohozi kidogo, usiulize. Paa nimeliziba kwa kipande cha tyubu na gundi. Sasa linavuja kwa adabu, tone moja moja. Mama Nyanya amenisamehe habari ya kichwa.

Nimejaribu maneno yako ya kistaarabu. Nilimwambia Kengele kwamba chungwa linamenywa. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Mjomba, legeza." Nikalegeza.

Lakini sikiliza hii. Kila nikimpa kitu namwambia "shika". Shika kikombe, shika spana, shika mkate. Juzi kaja mbele yangu, kiganja wazi, macho kwenye biskuti yangu. "Shika! Shika!" Nikaishika vizuri zaidi. Akapandisha sauti. "Shika!" Nikaishika kwa mikono miwili. Weee! Kilio kilichofuata, watu walitoka majumbani kuuliza nani amekufa. Mama Nyanya ndiye aliyenifumbua macho. "We mjinga nini? Anataka umpe!"

Kumbe kwa upande wake, neno "shika" likishatoka, kinachofuata ni kitu kutua mkononi mwake. Sasa hapo kosa la nani? Mtoto halipimi neno peke yake. Anasubiri aone kitakachotokea likishasemwa, na hicho ndicho anachokiweka kichwani. Nimecheka siku mbili, na biskuti aliila yote yeye.

Ile kazi ya jioni naifanya kama ulivyoagiza, sijaruka hata siku moja. Mama anarudi, mama anarudi. Dereva anapiga honi, naishia hapa.

Mdogo wako


Tarehe 9 Aprili

Mdogo wangu,

Kikohozi vipi? Kama hakijaisha, punguza kuinamia gundi. Huku mvua zimeanza, mto umejaa, na sisi tunachomelea juu tukiwa tumefungwa mikanda kiunoni. Mpishi anakusalimu. Anasema mwanamume anayelea mtoto na kuziba paa hawezi kuwa hajaoa bila sababu, na angependa kuijua hiyo sababu.

Habari ya biskuti nilicheka mpaka nikaungua kidole. Kisha nikafika mwisho wa barua. Nilikuuliza swali moja tu, hukulijibu, ukasingizia honi.

Nimejibiwa na mwingine. Mama Nyanya alinitumia nyanya kwa dereva, na dereva akaniletea nyanya pamoja na maneno. Alidhani nayajua. Anasema mtoto akiambiwa mama anarudi, analia vibaya sana, anakimbilia mlangoni, hashikiki. Kila jioni. Ni kweli? Na wewe unaniandikia biskuti?

Sasa nikwambie nisichokuwa nimekwambia. Huko juu ya mto kuna daraja la pili, mwaka mzima mwingine, na msimamizi ananitaka mimi. Nilikuwa nimeshakataa. Lakini kama kusikia tu kwamba narudi kunamliza mwanangu, basi amenisahau, na mimi ndiye mgeni ambaye mtoto anatishiwa naye. Nirudi kufanya nini, nimtie hofu? Karatasi inasainiwa Ijumaa tarehe 31 Mei.

Safari hii usinichekeshe. Nataka kweli.

Dada yako


Tarehe 28 Aprili

Dada yangu mpendwa,

Leo hakuna paa wala kikohozi.

Ni kweli. Ilianza jioni ya kwanza kabisa niliyomwambia. Nampangusa maji, anacheka, ananivuta masikio. Nasema, "Mama anarudi." Uso unambadilika hapo hapo. Ananing'ang'ania shati: "Hapana narudi! Hapana!" Siku nyingine anakimbia kwenda kuegemea mlango kwa mgongo. Nilidhani atazoea. Sikukwambia kwa sababu wewe unaning'inia juu ya mto na moto mkononi, nikaona usije ukashika kichwa badala ya mkanda. Na niliogopa, dada. Niliogopa utasema ulikosea kuniachia mtoto.

Lakini ati amekusahau? Thubutu! Koti lako la bluu la kazini halali bila kulinusa. Picha yako ya ukutani anailisha uji kila asubuhi, mpaka pua yako imeganda. Akiamka anataja mama kabla ya maziwa. Anakutaka. Kinachomliza sikijui, naapa sikijui. Nimeacha kabisa kumwambia maneno yale.

Usisaini kitu. Nipe muda nifikirie.

Mdogo wako anayeona haya


Tarehe 17 Mei

Mdogo wangu,

Natumaini nyote wazima. Barabara ilikatika, barua yako imefika leo, imelowa, nimeikausha juu ya sufuria la mpishi.

Asante kwa kusema kweli. Nimeisoma mara nne. Unasema ananitaka. Anayelishwa uji ni picha, na picha haina siku ya kufika. Ni mimi niliye njiani ndiye ninayemliza.

Nitasaini. Mwaka mmoja, mpaka awe na akili ya kuelezwa. Koti mwachie, asilale bila hilo.

Dada yako


Tarehe 21 Mei

Dada! Dada! Salamu baadaye. Kama uko juu ya daraja, shuka kwanza, kaa chini.

Jana asubuhi niko chini ya baiskeli ya mteja, mnyororo mdomoni. Kengele anatoka ndani ya tairi lake, anavaa kandambili, ya kulia kushoto, ya kushoto kulia, anachukua pampu ndogo anaibana kwapani, ananiambia, "Narudi." Halafu anatoka zake! Moja kwa moja kuelekea barabarani.

Mama Nyanya akamdaka gauni. "Unakwenda wapi, bibi wewe?"

"Narudi."

"Unarudi wapi na ndiyo kwanza unatoka?"

"Narudi!" Kidole kinaonyesha barabara. Kisha akanigeukia, akanipungia mkono, wa kwaheri kabisa. "Narudi, mjomba."

Dada, mnyororo ulinidondoka mdomoni. Nikakumbuka "shika". Nikakumbuka biskuti.

Mimi nikitoka kununua tyubu nasema nini? "Narudi sasa hivi, Kengele." Nikienda kwa Mama Nyanya kuazima kiberiti? "Narudi." Nilianza kujihesabu, na kufika saa sita nilikuwa nimesema mara kumi na moja. Na nikiingia ndani je? Naingia na, "Nani kaihamisha spana yangu?" Tangu niifungue hii karakana sijawahi kuingia nikasema nimerudi. Wateja nao wakiacha baiskeli ni hivyo hivyo, "Narudi jioni, fundi," wanakwenda zao. Neno linatoka, mtu anatoka. Halijawahi kukosea hata siku moja.

Na wewe, siku ile, ulichuchumaa hapo hapo mlangoni, ukasema narudi, ukaenda. Ulidhani amekuelewa kwa vile alikupungia. Ni kweli alielewa! Kwake kurudi ndiko huko, kutoka mlangoni ukaenda zako.

Sasa fikiria tulichomfanyia. Kila jioni tangu Machi mpaka nilipoacha, nampangusa maji, namshika uso kwa upole wote nilio nao, namwambia: mama yako anaondoka. Kesho yake tena: mama yako anaondoka. Hata kama ni wewe, usingekimbia kuziba mlango? Nimelia, dada. Usimwambie Mama Nyanya, ingawa alikuwepo na alinipa kanga yake nijifute.

Dawa nimeshaianza. Nikitoka nasema "natoka", basi. Nikiingia ndiyo naingia kwa kelele: "Narudi... narudi... nimerudi!" Jana hiyo hiyo mchana nilitoka hatua tatu nikaingia mara thelathini. Mteja mmoja aliuliza kama nimeugua.

USISAINI. Nimeandika kwa herufi kubwa na nimepiga mstari mara tatu. Dereva amepita sasa hivi. Namkabidhi barua hii, na kofia yake ya sufu nimeizuia mpaka aniletee jibu lako.

Mdogo wako


Tarehe 1 Juni

Mdogo wangu mpenzi,

Mpe mzee wa watu kofia yake, analalamika masikio yanampata baridi. Mimi mzima. Mpishi mzima. Reli za kulia nazo zimekwisha.

Jana saa nne nilikuwa mlangoni mwa ofisi, kalamu mkononi, karatasi mezani. Dereva akaniita kutoka chini kwa fujo kana kwamba lori linaungua. Nikashuka. Nimesoma barua yako nimesimama kwenye matope, nikaisoma tena. Nikapanda kumuaga msimamizi, naye akaniuliza, "Haya, unasaini?" Nikasahau kila nilichopanga kusema. Nikamwambia, "Narudi sasa hivi," nikatoka. Mpaka leo hajaniona. Kengele peke yake ndiye angenielewa.

Kuna jambo hatuliongei, mimi na wewe, na leo nitaligusa mara moja tu. Yuko mtu aliyetoka mlango wangu akisema narudi wakati mtoto ana miezi minne. Mimi nilikuwa mtu mzima, lile neno nalijua tangu utoto, na bado nilikaa mwaka mzima nikisikiliza kila pikipiki inayopita. Kwa hiyo sitamcheka mwanangu. Kwa aliyoyaona yeye, na niliyoyaona mimi, hakukosea sana.

Ndiyo maana nakuomba umfundishe hilo neno vizuri, mdogo wangu. Lifundishe mpaka liingie. Nakuja mwisho wa Juni, na nikisimama pale mlangoni sitajua niseme nini. Nikisema nimerudi akalia, sijui nitashika wapi.

Dada yako


Tarehe 16 Juni

Dada,

Hujambo? Sisi hatujambo, tumechoka tu, maana mtaa mzima tuko darasani. Kofia nimeirudisha.

Habari za shule ni hizi. Siku ya kwanza na ya pili mwanafunzi alilia nikisema lile neno hata nikiwa naingia. Siku ya tatu alinyamaza, akaanza kuutazama mlango. Siku ya tano nikatoka mpaka kwa Mama Nyanya, nikakaa kitambo, nikaingia, "Nimerudi!", akapiga makofi. Tumeongeza mdogo mdogo. Sasa naweza kwenda mpaka duka la tyubu na kuja. Wateja nimewapiga marufuku kuaga na narudi. Atakayeaga hivyo, breki zake nazilegeza. Hata dereva alitaka kusaidia, akaliingiza lori kinyumenyume mpaka mlangoni akipiga kelele, "Narudi nyuma, narudi nyuma!" Nikamfukuza. Nikamwambia mzee, hiyo kurudi ni ya darasa la juu, usituvurugie.

Shida yetu ya sasa ni nyingine. Kila anayeingia, anatangaziwa: "Amerudi!" Juzi kaja bwana wa leseni, mtu ambaye hajawahi kutia mguu hapa maishani mwake. "Amerudi!" Bwana leseni akakunja uso. "Kwani nani wa ofisini kwetu alishakuja?" Nimejieleza nusu saa.

Kwa hiyo nakwambia kweli, kama ulivyotaka siku ile. Maana ya kuingia ameijua. Kwamba anayerudi ni yule aliyeondoka, ambaye pengo lake lilikuwepo muda wote, hilo sijui kama analo. Siwezi kulionyesha kwa hatua tatu za mlangoni. Huenda akakutangaza kama anavyomtangaza mwenye tairi bovu, kisha akaendelea na uji wake. Usije ukaumia. Jioni nimeanza tena kumwambia mama anarudi. Halii. Anautazama mlango kidogo, anauliza, "Sasa?" Nasema bado. Anasema, "Bado," analala na koti.

Mdogo wako


Tarehe 21 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini hujambo na paa halijambo. Sisi huku upande wa pili wa mji tumeshatulia. Chumba kina dirisha kubwa, karakana ya mageti ninapochomelea iko hatua mia, na mwenye nyumba anampenda Kengele, ingawa jana aliambiwa alegeze mdomo alipokuwa amenuna. Kazini nimeombwa nimlete mchana, wamemwekea tairi.

Nasikia bado unamuuliza kila mtu kwa nini ile Jumamosi niliyofika, siku moja kabla ya ile tuliyopanga, wewe uko sokoni kwa matairi, mtoto umemwachia Mama Nyanya, ulikuta karakana imekomewa kwa ndani mchana kweupe. Wateja wawili wako nje na baiskeli, Mama Nyanya amejifunika uso kwa kanga, na wewe unagonga na kufoka. Nilikujibu kwamba ni upepo. Haukuwa upepo. Sikusema kwa sababu ningelia mbele ya wateja wako, na kwenye simu pia ningelia, na mimi nina heshima zangu.

Nilifika, nikasimama mlangoni na mfuko wangu. Alikuwa ndani ya tairi, anakaza kifuniko cha chupa. Lile neno lilinikwama. Akainua macho, akanitazama sana. Halafu akapiga kelele kwenda nje, kwa Mama Nyanya: "Amerudi!"

Sauti ile ile aliyompigia bwana wa leseni. Nikakumbuka onyo lako, nikajiambia, haya, ndiyo hivyo, usiumie. Nyuma yangu akaingia mteja, yule mwembamba mwenye kengele mbili kwenye usukani. "Amerudi!" Naye akatangazwa. Roho ikanishuka kabisa. Nikawa mimi na mwenye baiskeli, sawa kwa sawa.

Basi akatoka ndani ya tairi. Akamwendea yule mteja, akamsukuma magoti kwa mikono miwili, mpaka akamtoa nje. Akarudi kwangu. Akaushika mfuko wangu kwa mkanda, akaukokota, unamshinda, anaukokota, mpaka ndani ya tairi lake, akaufunika na koti la bluu. Kisha akaenda mlangoni. Akausukuma kwa kichwa ukafunga. Komeo halifikii, akanivuta kidole, akanielekeza juu.

"Kaza," akasema.

Nikakomea. Akajaribu kuutikisa mlango, haukutikisika. "Kaza tena," akasema. "Isichomoke."

Basi nilikaa chini hapo hapo kwenye grisi yako na gauni langu la safari, naye akanikalia mapajani, mgongo wake umeegemea kifua changu, tunautazama mlango wote wawili. Ulipoanza kugonga nilitaka kufungua. Akanishika kidole. Ndiyo maana uligonga muda wote ule, na samahani kwa baiskeli za watu.

Sasa sikiliza. Tangu tumehamia huku, kila jioni nikishamwogesha anauliza ulipo, nami namwambia mjomba yuko kazini. Anaitikia kwa kichwa, kisha ananieleza mimi, taratibu, ameshika uso wangu kwa mikono yake, "Mjomba anarudi." Halii. Anakwenda kukaa mlangoni na kandambili zake, kulia kushoto.

Mimi sikumfundisha hivyo, na sina moyo wa kumwambia, "Bado." Njoo Jumamosi. Na ukifika usibishe hodi, usiulize nani kahamisha spana. Unajua cha kusema.

Dada yako